Zeolaiti na uvunjaji wa mafuta marefu: maswali ninayoulizwa sana hapa Kigoma

Nafundisha kemia ya sekondari hapa Kigoma mjini. Swali hili lilianza kwa mwanafunzi wa kidato cha nne, likahamia kwa fundi wa mashine za boti pale Kibirizi, na sasa hata mama anayeniuzia dagaa soko la Mwanga ananiuliza: "Mwalimu, ni kweli kuna jiwe linageuza mafuta mazito yakawa petroli?" Ni kweli, lipo, na linaitwa zeolaiti. Lakini kila ninapojibu "ndiyo", mtu anaondoka na picha ya pipa, kuni na jiwe la miujiza, na baada ya wiki nasikia kuna anayekusanya chupa za plastiki ili akapike petroli uani kwake. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Maswali nimeyaacha karibu na yalivyoulizwa.

"Mafuta marefu" ndiyo yapi? Mafuta nayo yana urefu?

Urefu ninaousema ni wa molekuli. Mafuta ya petroli na ndugu zake ni haidrokaboni, yaani atomu za kaboni zilizoshikana kama shanga kwenye uzi, na kila shanga imebeba haidrojeni zake. Gesi ya kupikia ina shanga 3 au 4. Petroli ina kama 5 hadi 12. Mafuta ya taa tuliyokuwa tukijazia karabai za kuvulia dagaa yanafika 10 hadi 16, dizeli inakwenda mpaka 20 hivi, na mshumaa wa dukani una shanga 20 hadi 40. Ni ukoo mmoja. Mshumaa na petroli wanatofautiana kwa urefu wa uzi tu, na kidogo kwa umbo.

Kadiri uzi unavyorefuka, molekuli zinazidi kung'ang'aniana. Fungua dumu la petroli saa sita mchana, mtaa mzima utajua. Mshumaa utakaa kabatini miaka na hautanukia. Okteni yenye kaboni 8 inachemka kwenye nyuzi 126 za Selsiasi, wakati heksadekeni yenye kaboni 16 inasubiri hadi nyuzi 287.

Kwa nini kuvunja? Si wachukue petroli iliyomo humo humo waiuze?

Wanaichukua, ila haitoshi. Mnaojua mtambo wa gongo (siulizi mmeujulia wapi) mnajua kunereka: unachemsha, mvuke unapanda, unaupoza, unakinga. Mafuta ghafi hutenganishwa kwa kanuni hiyo hiyo kwenye mnara mrefu. Vyepesi vinakusanywa juu, vizito chini. Lakini kunereka hakuongezi kitu. Kama pipa la mafuta ghafi limejaa minyororo mirefu, utabaki na masalia mengi meusi na petroli kidogo, huku barabarani kila mtu anataka petroli.

Magari yalipoanza kuwa mengi Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita, pengo hilo lilionekana waziwazi. Mwaka 1913 William Burton alipata hataza ya kuvunja mafuta mazito kwa joto kali na mgandamizo. Njia yake ilifanya kazi, lakini moto unavunja ovyo, na hapo ndipo hadithi ya jiwe inapoanzia.

Zeolaiti ni jiwe la namna gani?

Mwaka 1756 Msweden mmoja, Axel Fredrik Cronstedt, alichoma kipande cha madini akaona kinatoa mvuke na kuvimba kana kwamba kinachemka. Akaliita kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "jiwe linalochemka". Kilichochemka hakikuwa jiwe. Yalikuwa maji yaliyofichama ndani yake.

Maji yanafichamaje ndani ya jiwe? Zeolaiti ni fuwele ya silikoni, aluminiamu na oksijeni, na fuwele hiyo imejengwa kama ghorofa lenye vyumba na korido tupu. Upana wa korido unalingana na upana wa molekuli moja. Tena hazitofautiani: ukipima korido moja umepima zote, maana fuwele inajirudia yenyewe mamilioni ya mara.

Kwa sababu ya uwazi huo, gramu moja ya zeolaiti ya aina ya Y ina kuta za ndani zenye eneo la mita za mraba 700 hivi. Chukua gramu 10, kama vijiko vichache vya chai. Ungeweza kuzikunjua kuta zake zote ukazitandika chini, zingefunika uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli. Mimi huwaambia wanafunzi: uwanja wa Lake Tanganyika umekunjwa ukaingia kijikoni.

Mnasema ni asidi. Mbona ni unga mkavu, haumwagiki, hauunguzi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo watu wanalolipita haraka.

Anza na ukuta uliojengwa kwa silikoni na oksijeni peke yake. Huo ni kama mchanga safi: hesabu za chaji zimelingana, hakuna anayedai wala anayedaiwa. Kila silikoni inaingia na chaji 4. Sasa toa silikoni moja, weka aluminiamu mahali pake. Aluminiamu inaingia na chaji 3 tu, na ukuta unabaki na deni la chaji moja hasi. Deni lazima lilipwe, kwa hiyo kitu chenye chaji chanya kinakuja kukaa karibu. Zeolaiti ikitoka kutengenezwa, mara nyingi mlipaji ni sodiamu, na sodiamu ni mpole, haivunji chochote.

Kinachofanyika ni kubadilisha mlipaji. Unga unaoshwa kwenye maji yenye chumvi ya amonia, sodiamu inatoka, amoniamu inachukua nafasi. Kisha unga unakaushwa na kuchomwa kwenye joto la nyuzi 500 hivi. Amonia inaruka hewani kama gesi na kuacha nyuma kitu kimoja: protoni, kiini kitupu cha haidrojeni, kimekaa juu ya oksijeni iliyo katikati ya silikoni na aluminiamu. Hiyo protoni ndiyo asidi. Ni asidi ile ile ya kwenye betri kwa maana ya kazi, yaani kugawa protoni, isipokuwa hii imefungwa ukutani. Haimwagiki kwa sababu haina pa kumwagikia.

Hapo utaona kwa nini watu wa fani hii wanaulizana kila mara uwiano wa silikoni na aluminiamu. Aluminiamu ikiwa nyingi, maskani ya asidi ni mengi, lakini fuwele inakuwa dhaifu mbele ya joto na mvuke, na kila maskani yakibanana na mwenzake nguvu yake inapungua. Ikiwa chache, maskani ni machache ila kila moja ni kali, na jiwe ni gumu kufa. Kuna kanuni pia kwamba aluminiamu mbili hazikai jirani mlango kwa mlango, zikiwa zimetenganishwa na oksijeni moja tu. Lazima silikoni ikae kati yao. Kwa hiyo aluminiamu haiwezi kuzidi nusu.

Protoni inaukataje mnyororo?

Chukua mnyororo wa kaboni 16 uliotulia, hauna shida na mtu. Ukifika karibu na protoni kwenye joto la kutosha, moja kati ya mambo haya hutokea: protoni inajipachika juu yake, au kipande kingine kilichokwisha kupungukiwa elektroni kinaunyang'anya mnyororo huo haidrojeni pamoja na elektroni zake mbili. Vyovyote iwavyo, kaboni moja katikati ya mnyororo inabaki na chaji chanya. Wanakemia wanaiita kabokatayoni. George Olah, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1994 kwa kazi yake juu ya viumbe hawa wa muda mfupi.

Kaboni iliyopungukiwa haikai kimya. Kwanza inajipanga upya: chaji inahama, mnyororo ulionyooka unatoa tawi. Inafanya hivyo kwa sababu kaboni iliyozungukwa na wenzake watatu inaubeba upungufu kwa raha kuliko ile ya mwisho wa uzi yenye jirani mmoja. Kisha inakata. Na haikati palipo na chaji, inakata kiungo cha pili kutoka hapo. Shikeni hilo, kwa sababu wanafunzi wangu huchora mkato pale pale kwenye chaji na kupoteza alama. Upande mmoja unatoka ukiwa alkeni, yaani haidrokaboni yenye kiungo maradufu. Upande wa pili unabaki na chaji, unanyang'anya haidrojeni kwa mnyororo mwingine ili utulie, na sasa yule mwingine ndiye mwenye shida. Mchezo unaendelea.

Kwenye karatasi tunaandika mfano rahisi: C₁₆H₃₄ inatoa C₈H₁₈ na C₈H₁₆. Pima uzito: 226 upande mmoja, 114 na 112 upande wa pili. Hakuna kilichopotea. Ndani ya mtambo halisi hupati vitu viwili, unapata mseto wa vitu vingi, lakini hesabu inabaki kuwa ile ile.

Moto peke yake hauwezi? Kwani mpaka jiwe?

Unaweza, na bado unatumika kwa kazi nyingine. Tofauti iko kwenye mkato. Moto unavunja kiungo katikati, kila kaboni inaondoka na elektroni yake moja, na vipande hivyo vinakimbizana bila mpango. Vinamega hata ncha za mnyororo, kwa hiyo unapata methani na ethilini nyingi, ambazo ni gesi. Mwenye kiwanda cha plastiki atafurahi, maana ethilini ndiyo mali yake. Mwenye bodaboda hatafurahi.

Jiwe lenye asidi linakataa kumega ncha. Kumega kaboni mbili za mwisho kungedai chaji ikae mahali isipopapenda. Kwa hiyo mkato unaangukia ndani zaidi, gesi zinazotoka ni za kaboni 3 na 4, na kimiminika kinachobaki kina matawi mengi. Matawi hayo yana thamani. Petroli ya minyororo iliyonyooka inawaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda na injini inagonga, na mafundi wote wa pikipiki mnaijua sauti hiyo. Kipimo chake ni namba ya okteni: heptani iliyonyooka imepewa 0, na okteni moja yenye matawi matatu imepewa 100.

Kwa kifupi, moto ni panga na zeolaiti ni wembe. Joto bado linahitajika hata ukiwa na jiwe, ila jiwe ndilo linaloamua pa kukata.

Hizo korido zina kazi gani zaidi ya kuongeza eneo?

Wavuvi mtanielewa haraka. Wavu wa dagaa na wavu wa migebuka hautofautishwi na uzi, unatofautishwa na jicho. Zeolaiti Y, ambayo ndiyo mhimili wa kuvunja mafuta mazito, ina milango yenye upana wa nanomita 0.74, na nyuma ya mlango kuna chumba chenye upana wa nanomita 1.2 hivi. (Nanomita ni milimita moja uigawe mara milioni.) Molekuli zenye umbo nono zinaingia, zinakatwa, zinatoka. Nyingine, ZSM-5, ambayo kampuni ya mafuta ya Mobil ilipata hataza yake mwaka 1972, ina korido nyembamba za nanomita 0.55 hivi. Humo mnyororo ulionyooka unapita, wenye matawi mapana unakwama mlangoni.

Ndiyo maana ZSM-5 huchanganywa kidogo kidogo na Y. Inaiingiza ile minyororo iliyonyooka yenye okteni mbaya, inaikatakata kuwa propilini na butilini, na kuyaacha yenye matawi salama nje. Petroli inapungua kiasi, ubora unapanda, na gesi za kutengenezea plastiki zinaongezeka.

Kiwandani wanalipanga vipi? Wanalirundika jiwe kwenye tangi?

Zamani ndiyo. Mfaransa Eugène Houdry alitumia udongo wenye asidi uliolazwa ndani ya matangi, na mtambo mkubwa wa kwanza wa njia yake ulianza Marcus Hook, Pennsylvania, mwaka 1937. Taabu ilikuwa makaa. Kila mkato unaacha masizi magumu juu ya kichocheo, yaani huo udongo unaoharakisha uvunjaji, kikawa cheusi na kuziba. Ilibidi kusimamisha tangi, kuyachoma makaa, na kuanza tena.

Mwaka 1942, Baton Rouge huko Louisiana, walianza kufanya jambo ambalo hadi leo naona ni moja ya mawazo mazuri kabisa ya uhandisi: wakakisaga kichocheo kuwa unga na kukitiririsha. Chembe za unga huo leo zina ukubwa wa mikroni 60 hadi 80 hivi, na ukipuliza mvuke katikati yake zinatembea kama maji. Mafuta mazito yaliyopashwa moto yanapuliziwa chini ya bomba refu, yanakutana na unga wa moto, yanageuka mvuke na kupanda nao. Safari nzima inachukua sekunde chache, kwenye nyuzi 500 hadi 550. Juu wanatenganishwa: mvuke unakwenda kunerekwa, unga mweusi unatelemka kwenye chombo cha pili, hewa inapuliziwa, makaa yanaungua kwenye nyuzi 650 hadi 750. Unga unatoka mweupe na wa moto, unarudi kukutana na mafuta mapya. Joto la kuungua kwa makaa ndilo linaloendesha uvunjaji. Uchafu wa kazi umekuwa kuni za kazi.

Wakati huo bado walitumia udongo na mchanganyiko wa silika na alumina (oksidi za silikoni na aluminiamu) usio na mpangilio. Zeolaiti iliingia miaka ya mwanzo ya 1960, kwa kazi ya Charles Plank na Edward Rosinski wa Mobil. Mitambo ilibaki ile ile, unga ukabadilishwa, na pipa lile lile la mafuta likaanza kutoa petroli nyingi zaidi.

Kichocheo si hakiishi? Ndivyo tulivyofundishwa.

Mlifundishwa kwamba hakitumiki kwenye mlinganyo. Kuchoka kinachoka. Mvuke wa moto unang'oa aluminiamu ukutani, na kila aluminiamu ikitoka, asidi moja imekufa. Nikeli na vanadiamu zilizomo kwenye mafuta mazito zinaganda juu yake. Sodiamu ikirudi inakalia kiti cha protoni. Kwa hiyo viwanda vinatoa unga wa zamani kidogo na kuongeza mpya, siku zote. Ili kuupa uhai mrefu, Y huimarishwa kwa kuitoa aluminiamu mapema kwa mvuke wa kupangwa, au kwa kuiingizia metali za lanthanamu na seriamu.

Tanzania tunao mtambo wa namna hii?

Hapana. Kiwanda cha TIPER cha Kigamboni, Dar es Salaam, kilisafisha mafuta ghafi tangu miaka ya 1960, kikaacha, na leo kazi yake ni kuhifadhi mafuta. Mafuta tunayotumia yanaingia nchini yakiwa yameshasafishwa, na yetu ya Kigoma yanasafiri tena zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Ukitazama bei kikomo za kila mwezi za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, safari hiyo imo ndani yake.

Wanaotaka kuona minyororo mirefu kwa macho waangalie bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda kwenda Chongoleani, Tanga, linalopita pia Tabora jirani zetu. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi kiasi kwamba yakipoa yanaganda, hivyo bomba lenye urefu wa kilomita 1,443 limesanifiwa kupashwa joto njia nzima. Nta hiyo ni mshumaa ule ule wa jibu la kwanza.

Mwalimu, plastiki zimejaa ufukweni. Nikizipika kwenye pipa na hilo jiwe, napata petroli?

Hili ndilo lililonifanya niandike, kwa hiyo vumilia.

Kemia yake ni ya kweli. Mifuko ya nailoni iliyopigwa marufuku Juni 2019, madumu ya mafuta ya kula, vifuniko vya chupa: vingi ni polithini na polipropilini, na hizo ni haidrokaboni ndefu mno, zenye maelfu ya kaboni. Zikivunjwa zinatoa nta, dizeli, petroli na gesi. Zeolaiti inapunguza joto linalohitajika na kusogeza mazao upande wa mepesi. Kwa kuwa molekuli ya plastiki haiwezi kuingia koridoni, inakatwa kwanza nje, na vipande vyake ndivyo vinavyoingia kukatwa tena.

Sasa tatizo. Kwanza, huzijui plastiki zako. Chupa ya maji ya kunywa ni PET, yenye namba 1 kitakoni, na ndani yake kuna oksijeni. Haikupi petroli, inakupa asidi ngumu zinazoganda na kuziba bomba lako. Mabomba ya maji na nyaya za umeme ni PVC, namba 3. Hiyo ikichomwa inatoa haidrojeni kloridi, gesi inayounguza mapafu na kula chuma cha pipa. Ufukweni vyote vimechanganyika, pamoja na mchanga na magamba ya samaki.

Pili, pipa. Mvuke wa petroli uliofungiwa ndani ya chuma chenye moto chini yake, karibu na nyumba, ukiziba njia unapasuka; hewa ikiingia unalipuka. Kiwandani kuna vipimo, vali na watu ambao kazi yao ni hiyo tu. Uani kuna watoto.

Tatu, hata ukipona, ulichokinga si petroli. Ni mseto usionerekwa, umejaa alkeni ambazo zikikaa wiki chache zinashikana na kuwa gundi. Fundi wa Kibirizi aliyenileta kwenye swali hili aliwahi kufungua kabureta ya boti iliyotiwa mafuta ya namna hiyo. Alinionyesha: kahawia, inanata kama ulimbo. Bei ya kabureta mpya ilizidi ile ya petroli iliyokusudiwa kuokolewa.

Kazi hii inafanyika duniani, kwenye mitambo iliyofungwa vizuri, na plastiki zilizochambuliwa. Kusanya, chambua kwa namba, uza kwa wanaorejeleza. Sikushauri zaidi ya hapo.

Na mawese? Kigoma tunayo mengi.

Swali zuri, na jibu lake linawakatisha watu tamaa. Mawese si haidrokaboni. Ni mikono mitatu ya asidi ya mafuta iliyoshikwa na gliserini, na oksijeni imo, kama asilimia 11 ya uzito. Ukiyapitisha kwenye ZSM-5 yenye moto yanavunjika kweli, na kimiminika kinachotoka kina bensini (haidrokaboni ya umbo la pete, si petroli) na ndugu zake wenye namba nzuri ya okteni. Lakini ile oksijeni lazima iondoke, na haiondoki peke yake. Inaondoka kama maji, ikichukua haidrojeni yako, au kama gesi za kaboni, ikichukua kaboni yako. Ongeza makaa yanayobaki juu ya kichocheo na gesi inayoruka, utaona kwamba dumu la lita 20 halikurudishii dumu.

Anayetaka kuendesha injini ya dizeli kwa mawese hahitaji zeolaiti. Kuna njia ya kuyachanganya na methanoli na kichocheo cha magadi makali ili kupata dizeli ya mimea, kwenye joto la chini kuliko la maji yanayochemka. Ila na hapo nina neno. Nchi inaagiza mafuta ya kula kutoka nje, na wakulima wa michikichi wanahimizwa kupanda mbegu ya tenera kutoka kituo cha utafiti cha Kihinga ili tupunguze kuagiza. Mimi mawese yangu nayataka kwenye maharage.

Zeolaiti ya asili ipo hapa nchini? Naweza kuichimba?

Ipo, lakini si Kigoma. Majivu ya volkano yaliyoangukia maziwa ya magadi kaskazini yaligeuka zeolaiti. Matabaka ya Olduvai yamechunguzwa sana na wanajiolojia kwa sababu hiyo. Za asili zinafaa kusafisha maji na kushika amonia mabandani. Kwa kuvunja mafuta hazifai sana: korido zake nyingi ni nyembamba, na zina uchafu. Tena mojawapo, erionaiti, ina nyuzi nyembamba ambazo zikivutwa zinasababisha saratani ya utando wa mapafu. Usilisage jiwe usilolijua.

Zinazotumika viwandani hupikwa: chanzo cha silika, chanzo cha alumina, magadi makali, maji, joto, subira. Hata kaolini, udongo mweupe kama ule wa Pugu, ukichomwa kwanza kisha ukapikwa na magadi makali unatoa zeolaiti A. Hiyo inafaa kwenye sabuni ya unga kulainisha maji, si kwenye mafuta, maana aluminiamu yake imejaa hadi kikomo na fuwele inasambaratika ukiipa asidi.

Darasani tunaweza kuonyesha chochote, bila mtambo?

Mnaweza, na mimi hufanya kila mwaka. Bomba la majaribio la kioo kigumu, lilazwe. Mwisho wake weka pamba ya madini iliyolowa mafuta maji ya parafini ya duka la dawa. Mafuta ya mgando ya kujipaka nayo yanafaa. Katikati weka vigae vya chungu kisichong'arishwa, vidogo kama punje za mahindi. Chungu kimetokana na udongo wenye silika na alumina, kwa hiyo ni binamu maskini wa zeolaiti. Pasha moto vigae hadi viwe vyekundu kidogo, kisha sogeza moto mara moja moja kwenye pamba ili mvuke upite juu ya vigae. Gesi itoke kwa mrija wa kutolea, uikinge juu ya maji kwenye mirija ya majaribio.

Mirija miwili ya kwanza mwaga, ni hewa. Wa tatu tia matone ya potasiamu pamanganeti iliyozimuliwa sana na kutiwa asidi kidogo, tikisa. Zambarau inapotea. Parafini uliyoanza nayo haifanyi hivyo. Jaribuni nayo kwanza ili waone tofauti, la sivyo hawataamini.

Onyo moja, na nalitoa kwa sababu nilijifunza vibaya. Nikiwa mwanachuo nilizima moto kabla ya kuondoa mrija wa kutolea gesi kwenye maji. Bomba lilipopoa likavuta maji baridi yakapanda yakakutana na kioo chekundu, na vipande vikaruka hadi dirishani. Kwa hiyo: inua kwanza mrija utoke majini, ndipo uzime.